Casio fx-991ES Plus na zile intigresheni za trigo zinazotoa jasho

Kila mwaka matokeo ya fomu foo yakitoka na watu wakipangiwa PCM, PGM na EGM, yaani michepuo ya Advance yenye hesabu, swali linakuwa lile lile, kaka ninunue kalkuleta gani, halafu linafuata la pili, eti ile yenye alama ya ∫ inafanya intigresheni yenyewe? Nimeona niandike mara moja tu, nikiulizwa tena natuma hii. Mimi hii fx-991ES Plus nimeanza nayo fomu faivu, nimeingia nayo kwenye mtihani wa taifa, sasa hivi niko chuo mwaka wa kwanza injinia na bado ni hiyo hiyo, na jioni nawapigisha pindi madogo wa Advance hapa mtaani Mbagala kwa hiyo naona na wao wanavyoitumia, na wengi wanaitumia ndivyo sivyo.

Tumalize la hela kwanza. Yangu niliipata Kariakoo kwa 55,000 baada ya kuvutana sana na muuzaji, na bei inacheza, shule zikikaribia kufunguliwa wanapandisha, katikati ya muhula inashuka kidogo. Ukikuta mtu anakuuzia 18,000 na boksi limeandikwa Casio usishangilie, feki zimejaa na zimeigwa mpaka kava. Kuna dogo wangu alinunua duka moja, jina naliacha, akaletewa yenye sola ya urembo, yaani kile kioo cha juu kimebandikwa tu hakipeleki umeme popote, betri ilipokwisha kalkuleta ikazima mchana kweupe mbele ya dirisha. Orijino inatumia sola pamoja na betri ya kidonge, LR44. Ukiwa dukani omba uiwashe, bonyeza SHIFT, MODE, 4 ili ikae kwenye redieni, kisha bonyeza ∫, andika sin(X), chini weka 0 juu weka π, ije 2. Hiyo haithibitishi kwamba ni orijino ila angalau unajua unaondoka na kitu kinachofanya kazi, na kama muuzaji anakukatalia kuiwasha ondoka tu, maduka yako mengi pale.

Sasa lile swali la pili. Hapana, haikufanyii. Kitufe cha ∫ kinatoa namba, basi. Lazima uipe limiti mbili, ya chini na ya juu, na yenyewe inakurudishia eneo lililo chini ya mchoro kwa desimali. Ukiiambia ikutafutie ∫ sec³x dx bila limiti haina hata sehemu ya kuandika hicho kitu. Na mtihani wa Advanced Mathematics, karatasi ya kwanza ile 142/1, swali la intigresheni lina maksi zake 10 na wasahihishaji wanataka kuona hatua, sabstitusheni umefanya ipi, bai pats (integration by parts) umegawaje, jibu la mwisho tupu halikufikishi popote. Kwa hiyo mtu akinunua hii akidhani amenunua shortikati ya trigo amepoteza hela yake.

Ila mimi nasema ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote za Advance, vitabu vikiwemo, kwa sababu hii kitu ni VAR. Haichezi mpira. Wewe ndiye unakimbia uwanjani na aidentiti zako, yenyewe inakaa pembeni inakwambia goli halali au siyo halali, na kwenye intigresheni za trigo hicho ndicho kitu mtu anakosa. Algebra ukikosea mara nyingi unashtuka mwenyewe, namba inakuja mbaya. Trigo ukikosea alama ya kutoa jibu linabaki zuri, limependeza, lina sec na tan na ln zimepangika, unageuza ukurasa ukijisifia, kumbe bure.

Kabla ya chochote, Rad, yaani redieni. Narudia, Rad. Kalkuleta ikitoka kiwandani inakaa kwenye digrii, juu ya skrini utaona herufi ndogo D, na kanuni zote za kalkulasi ya trigo, ile kwamba derivativu ya sin x ni cos x, zinashika kwenye redieni tu. Ukiwa kwenye D ukaiambia itafute ∫ ya sin(X) kutoka 0 mpaka π/2, ambayo kila mtu anajua ni 1, inakupa 0.02153, kwa sababu imeichukua ile 1.5708 kama digrii moja na nusu hivi, na kipande hicho cha sain ni chembamba kama uzi. Haikupi onyo lolote, inakupa namba tu kwa kujiamini. Na kitu ambacho wengi hawakijui, ukifanya ile ya kufuta kila kitu, SHIFT 9 3 halafu =, modi inarudi kwenye D. Watu wanapenda kuifuta hivyo siku ya mtihani ili waanze upya, wanaingia chumbani wamejiwekea mtego wenyewe.

Namna ninayoitumia ni hii. Swali limekuja bila limiti, nafanya kwa mkono mpaka jibu, tuliite F(x). Halafu najichagulia limiti zangu mwenyewe, mara nyingi 0.2 na 1, naingiza swali lenyewe kwenye ∫ na limiti hizo, naandika namba pembeni. Kisha naandika F(x) yangu kwenye skrini, nabonyeza CALC, inaniuliza X ngapi, naipa 1, naandika, CALC tena naipa 0.2, natoa. Zikilingana nimemaliza. Zisipolingana nimekosea, hakuna mjadala. Kwa nini 0.2 na 1? Kwa sababu hapo katikati sain, kosi, tani, seki na wenzao wote wametulia, hakuna anayelipuka kwenda infiniti. Na usichague 0 mpaka 2π hata kama inavutia, kwa sababu ukiwa umekosea kwa kipande cha sain au kosi, kipande hicho kinarudi pale pale kilipoanzia baada ya mzunguko mzima, kosa linajifuta, kalkuleta inakwambia sawa wakati siyo sawa. Kuna njia nyingine ya haraka, SHIFT halafu ∫ inakuwa d/dx, unaingiza F(x) na X = 0.7 unalinganisha na swali lenyewe kwenye 0.7, hii ni nzuri ukiwa na dakika chache.

Sasa twende kwenye maswali yenyewe, maana rivyu bila kuona kitu kinafanya kazi ni porojo.

Rahisi kwanza, ∫ sin³x cos²x dx. Hapa mbinu ni kuangalia vipeo, sain ina kipeo cha witiri, basi unachomoa sin x moja unaiweka karibu na dx, inayobaki sin²x unaigeuza kuwa 1 − cos²x, u = cos x, na jibu linakuja (cos⁵x)/5 − (cos³x)/3. Kutoka 0 mpaka π/2 inatakiwa kuwa 2/15, kalkuleta inatoa 0.13333. Vipeo vyote viwili vikiwa shufwa hiyo haifanyi kazi, unahamia kwenye double engo, cos 2x, unashusha vipeo taratibu. Sitakaa hapa, hii kila mtu anaijua, na kwa maswali haya kalkuleta haihitajiki sana.

Inapoanza kulipa ni ∫ sec³x dx. Hili ni swali ambalo nimeona watu wazima wanalikosea. Ni bai pats, u = sec x, dv = sec²x dx, unapata sec x tan x toa ∫ sec x tan²x dx, halafu tan²x unaigeuza kuwa sec²x − 1, ghafla ile intigro uliyoanza nayo, tuiite I, inajitokeza tena upande wa kulia ikiwa na alama ya kutoa, unaivusha, unapata mara mbili ya I ni sawa na sec x tan x jumlisha ∫ sec x dx. Jibu ni nusu ya sec x tan x jumlisha nusu ya ln|sec x + tan x|. Kosa linalojirudia kwa madogo karibu wote ni hapo kwenye kufungua mabano, kutoa mara kutoa, wanasahau wanaandika kutoa kwenye ln. Sasa angalia kalkuleta inavyofanya. Ukiweka 1÷(cos(X))³ kutoka 0 mpaka π/4, inatoa 1.147794. Dogo mwenye alama mbaya akipiga jibu lake kwenye limiti hizo anapata 0.26642. Tofauti ni 0.881374. Hiyo namba siyo ya ovyo, piga ln(1+√2) uone, ni hiyo hiyo 0.881374, yaani ni ile ln yote nzima, mara mbili ya nusu. Maana yake sec tan iko sawa, ln ndiyo imegeuzwa alama, nenda kwenye mstari ule ule. Yaani haijakwambia tu umekosea, imekuonyesha na wapi. Sijui kitabu gani kinakufanyia hivyo.

Nyingine wanayoogopa ni zile za sehemu, juu sain na kosi, chini sain na kosi, kwa mfano (2 sin x + 3 cos x) chini yake (3 sin x + 4 cos x). Watu wanakimbilia t-sabstitusheni, ile ya kuweka t = tan(x/2), wanapata makaratasi mawili ya pasho fraksheni (partial fractions), wanalia. Kumbe unaandika tu kwamba ya juu ni A mara ya chini jumlisha B mara derivativu ya chini. Derivativu ya chini ni 3 cos x − 4 sin x. Linganisha, 3A − 4B = 2 na 4A + 3B = 3, A inakuja 18/25, B inakuja 1/25, na jibu lote ni 18x/25 jumlisha (1/25) ln|3 sin x + 4 cos x|. Mistari minne. Kutoka 0 mpaka π/2 kalkuleta inasema 1.119466, na ukipiga kwa mkono 18/25 mara π/2 jumlisha ln(3/4) gawanya kwa 25 ni hiyo hiyo. Zile simo ikwesheni (simultaneous equations) za A na B pia kalkuleta inazimaliza, MODE 5 halafu 1, unaingiza koefishenti tu, ila mbili kama hizo fanya kichwani bwana.

Sasa kuna moja hapa ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote. ∫ dx/(2 + cos x). Hapa t-sabstitusheni ndiyo yenyewe, t = tan(x/2), cos x inakuwa (1 − t²)/(1 + t²), dx inakuwa 2dt/(1 + t²), chini unapata 3 + t², kila kitu kinakatana vizuri, jibu ni (2/√3) tan⁻¹(tan(x/2)/√3). Safi kabisa. Ukiiweka kutoka 0 mpaka π/2 inakuja π/(3√3), ambayo ni 0.6046, na kalkuleta inakubali. Sasa swali likaja hilo hilo lakini kutoka 0 mpaka 2π. Unaweka 2π, tan(π) ni 0, tan⁻¹ ya 0 ni 0. Unaweka 0, unapata 0. Sifuri toa sifuri, jibu sifuri. Na watu wanaandika sifuri wanapiga mstari chini mara mbili. Kaa ufikirie kidogo, 2 + cos x haishuki chini ya 1, kwa hiyo kitu kizima kiko juu ya mstari wa x mwanzo mwisho, eneo linakuwaje sifuri? Piga kwenye Casio, inatoa 3.6276, yaani 2π/√3. Tatizo siyo hesabu yako ya t, tatizo tan(x/2) inalipuka x ikiwa π, na lile jibu zuri la tan⁻¹ linaruka ghafla hapo katikati, limekatika. Inabidi ukate 0 mpaka π, halafu π mpaka 2π, au utumie kwamba mchoro una pande mbili zinazofanana ukazidisha mara mbili. Wasahihishaji wanapenda swali la aina hii na ukiwa na hii kalkuleta mezani huna sababu ya kuliwa, sekunde chache tu unaona sifuri yako ni uongo.

Hapa nitatoka nje kidogo, mnisamehe. Ile ∫ sec x dx yenyewe, ambayo sisi tunakariri kwamba ni ln|sec x + tan x|, haikupatikana kwa ujanja wa kuzidisha juu na chini kwa sec x + tan x kama tunavyofundishwa. Ilianzia baharini. Mercator alitoa ramani yake ya dunia mwaka 1569, ile inayonyoosha njia ya meli iwe mstari ulionyooka, na ili ujue kila latitudo uichore umbali gani kutoka ikweta unatakiwa ujumlishe seki. Mwingereza Edward Wright akakaa akajumlisha vipande vidogo vidogo vya seki kwa mkono akachapisha jedwali mwaka 1599, yaani alifanya kazi ya kitufe cha ∫ kwa kalamu. Miaka ya 1640 hivi Henry Bond akaangalia lile jedwali akalifananisha na jedwali la logariti za tanjenti akaona namba zinafanana, akasema kwa kubahatisha kwamba jibu ni ln ya tan(x/2 + π/4). Uthibitisho haukuwepo. Ulikuja kwa James Gregory mwaka 1668. Kwa hiyo mtu wa kwanza kujua intigro ya seki aliijua kwa kulinganisha namba, ndiyo maana mwalimu akimgombeza dogo eti anachungulia kalkuleta huwa nanyamaza tu.

Na hiyo inaleta kitu kingine. Wewe umepata ln|sec x + tan x|, rafiki yako amepata ln|tan(x/2 + π/4)|, makingi skimu, ule mwongozo wa wasahihishaji, inasema nusu ya ln ya (1 + sin x)/(1 − sin x). Nani yuko sawa? Wote. Trigo ina sura nyingi, hata ∫ sin x cos x dx tu unaweza kupata sin²x/2, au −cos²x/2, au −cos 2x/4, zinatofautiana kwa konstanti tu na ile C inazimeza. Nimeona watu wanafuta jibu sahihi kwa sababu halifanani na la nyuma ya kitabu. Usifute. Piga zote tatu kutoka 0 mpaka 1 kwa njia ya CALC, zote zinakuja 0.354037, lala salama.

Kuna maswali ambayo hata hiyo F(x) huipati, na hapa kalkuleta inakuwa na kazi ya aina nyingine, inakupa jibu kabla hujajua njia. Mfano x sin x chini yake 1 + cos²x, kutoka 0 mpaka π. Jaribu bai pats, utakesha. Piga kwenye kalkuleta inakuja 2.467401. Namba hiyo haisemi kitu, lakini gawanya Ans kwa π² na inageuka 1/4. Kwa hiyo jibu ni π²/4, na ukishajua jibu lina π² unaanza kuhisi kwamba x imetolewa nje ikageuka kuwa π/2, maana yake ni ule ujanja wa kubadilisha x kuwa π − x. Ukijumlisha zile intigro mbili x inakatika, inabaki π/2 mara ∫ ya sin x chini yake 1 + cos²x, ambayo ni kutoa tan⁻¹ ya kosi na imeisha. Ujanja huu huu ndio ulioamua swali moja la mashindano ya Putnam ya wanachuo wa Marekani na Kanada mwaka 1980, moja chini yake 1 + (tan x) kipeo √2, kutoka 0 mpaka π/2. Kipeo √2! Ukiliona unataka kufunga daftari. Ukibadilisha x kuwa π/2 − x, tani inakuwa kotani, unajumlisha, kila kitu kinakuwa 1, jibu π/4, na ile √2 haikuwa na kazi yoyote, hata wangeweka kipeo 7 jibu lisingebadilika. Na unaweza kulishtukia hilo mwenyewe kwa kalkuleta, badilisha kipeo weka 2, weka 3, weka 5, uone 0.785398 inakataa kusogea.

Madhaifu yake sasa, maana yapo. Hakuna kitufe cha sec, cosec wala cot, lazima uandike 1÷cos(X) kila saa, na ukiwa na vipeo mabano yanakuwa mengi mpaka unapotea. X yenyewe iko kwenye ALPHA halafu kile kitufe cha kufunga mabano, mwanzo unasahau unafunga mabano badala ya kuandika X, inazoeleka lakini inakera. Kasi siyo ya kujivunia, funksheni ikiwa ndefu unabonyeza = unasubiri skrini tupu, na kama funksheni inalipuka kwenye limiti, mfano √(tan X) au ln(sin X) kutoka 0 mpaka π/2, inaweza kuhangaika sana au ikakuandikia Time Out. Hiyo haina maana kwamba intigro haipo, hizo mbili zipo, ya kwanza ni π/√2 na ya pili ni −(π/2) ln 2, ila kifaa kinakosa pumzi pale kona. Weka limiti ya karibu, 1.5 badala ya π/2, utumie kukagua F(x) yako tu. Na kama mchoro unapanda na kushuka chini ya mstari mara nyingi, ikate vipande ujumlishe mwenyewe, hata kijitabu chake kinashauri hivyo.

Watu wataniambia kuna programu za simu zinaonyesha mpaka hatua. Zipo, nazitumia chuo, siyo adui. Lakini simu haiingii chumba cha mtihani, kalkuleta isiyoprogramika inaingia, na hii ni mojawapo. Halafu kwa ninavyoona mimi dogo akishaonyeshwa hatua kumi na mbili kwenye simu anasema ameelewa, ukimfunika hawezi hata ya tatu. Hii haimpi hatua hata moja, inamlazimisha azitafute. Kwangu hiyo ni sifa.

Kati ya tano ninaipa nne, na mtu wa BAM (Basic Applied Mathematics) au wa arti simshauri kabisa, fx-82 inamtosha na hela inabaki ya nauli, ila ajue hiyo haina ∫.

Swali la mwisho ninaloulizwa, nina fx-991MS ya kaka, ninunue hii? Kama bado ina afya baki nayo. MS nayo ina ∫, tofauti ni kwamba yenyewe inatumia Simpson, ile ile mnayosoma kwenye Numerical Methods, wakati ES Plus inatumia njia ya Gauss-Kronrod ambayo inachagua pointi zake kwa akili zaidi na inajipima yenyewe kosa limebaki kiasi gani. Kwenye MS unaandika kwa mstari mmoja, funksheni, koma, limiti ya chini, koma, limiti ya juu, koma, halafu namba n kutoka 1 mpaka 9, na yenyewe inagawa eneo vipande 2 kwa kipeo n. Weka 6 au 7. Ukiweka 9 kwenye funksheni yenye seki za vipeo nenda kachote maji kwanza, utaikuta bado. Na hiyo nayo iangalie juu kabla hujaanza, kama ni D au R.